Gari Iliyokataa Kazi Yangu

Nianze na lile linaloniunguza uso, tukishalimaliza tucheke vizuri. Siku nne nilihangaika kwenye nyumba moja ya Iringa nikitafuta kwa nini gari ya umeme inakataa kuchaji. Nikalaumu chaja. Nikalaumu Wajapani. Nikalaumu panya. Nikamsema kwa sauti fundi aliyefunga umeme wa nyumba ile, nikamwambia mwenye nyumba kwamba mtu huyo angefuga bata, wangezama. Siku ya nne nikagundua fundi mwenyewe ni mimi.

Haya, mmeshacheka. Sasa kaeni niwaeleze, maana kuna kazi ndani yake.

Mimi naitwa Ambakisye Mwambene, fundi umeme mstaafu, wa Mbeya. Nasema mstaafu kwa sababu magoti yamekataa ngazi, siyo kwa sababu kuna mtu aliniandikia barua. Shule niliishia kidato cha pili. Kitabu cha fizikia nilikisoma mpaka kwenye sura ya umeme, nikakifunga, nikaondoka kuufuata umeme wenyewe. Kwa hiyo nyie mnaotoka chuo na vyeti vyenu, msinisome kama mwalimu. Nisomeni kama ile soketi iliyoungua mnayowekewa mezani siku ya kwanza, mnaambiwa: angalieni, hivi ndivyo inavyokuwa.

Nilikuwa Iringa kwa binti yangu Neema, ameolewa huko. Nimeenda kula tu. Jumanne jioni akaniambia, "Baba, kuna mama tunaimba naye kwaya, gari yake ya umeme haichaji. Nimemwambia baba yangu ni fundi wa miaka mingi." Kosa la kwanza hilo, na siyo langu.

Jumatano nikapanda Wilolesi. Mnaoijua Iringa mnaujua ule mlima, mawe kama tembo waliolala. Nyumba ina geti jipya, imeongezwa vyumba, imepakwa rangi ya maziwa. Mama Nyalusi akanipokea. Ni muuguzi mstaafu, mwembamba, anatembea haraka kama bado kuna kengele inamwita wodini. Kwenye baraza amekaa mume wake, Mwalimu Nyalusi, mrefu, mguu mmoja umenyooka mbele. Alipata kiharusi mwaka uliopita. Maneno yake yanatoka moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Kamwene," akaniambia, salamu ya Kihehe.

"Kamwene, Mwalimu."

Gari ile walinunuliwa na watoto wao walioko Dar. Ndogo, nyeupe, imetumika Japani. Ukiiwasha inasalimia Kijapani, na Mwalimu kila asubuhi anaijibu "Kamwene". Mama akaniambia hilo ndilo neno la kwanza alilolitamka bila kukwama tangu augue.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Mwalimu alikuwa anapelekwa hospitali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kufanyishwa mazoezi. Bajaji haimtoshi, mguu haukunjiki. Kwenye gari ile, kiti cha mbele kinarudi nyuma mpaka anaingia mzima. Alikuwa ameanza kushika kijiko. Wahudumu wa mazoezi wamesema asikatize, akikatiza mkono unarudi kulala. Na gari ya aina hiyo mjini pale huendi nayo kituo cha mafuta. Inakula nyumbani, kwenye soketi yako, au inalala na njaa. Ilianza kukataa mwishoni mwa mwezi wa tano. Hiyo Jumatano yenyewe nilipofika, alikuwa amekosa mazoezi mara mbili.

"Watoto wameshasema," Mama akaniambia, anapunguza sauti ili mumewe asisikie. "Jumatatu linakuja lori kuichukua, ikauzwe. Wanasema wametuletea mzigo. Mimi sitaki iondoke, mzee wangu. Mwangalie mkono."

Nikaangalia. Mwalimu alikuwa ameshika kikombe. Kinatetemeka, lakini kimeshikwa.

Nikasema, "Mama, ondoa shaka. Umeme na mimi tumezeeka pamoja."

Chaja ya nyumbani, kwa wale ambao hamjakutana nayo, ni waya mrefu. Huku plagi, huku domo linaloingia kwenye gari, katikati kijisanduku chenye taa. Ukichomeka ukutani, kijisanduku kinaipima nyumba kwanza. Kikiridhika kinawasha kijani. Kisiporidhika, nyekundu, na hakipitishi hata tone. Cha Mama kilikuwa chekundu kama jicho la mlevi.

Nikafungua soketi. Screw moja imelegea, plastiki imebadilika rangi kidogo. Nikafurahi kama nimeokota. Shikeni hili: gari haichaji dakika kumi kama pasi, inavuta saa nane mfululizo. Screw iliyolegea ambayo pasi ingeivumilia miaka, gari inaiunguza wiki moja. Weka mkono ukutani baada ya nusu saa. Pakiwa pa moto, simamisha. Na zile waya za kuunganishia za madukani, mnazozikunja kama nyoka chini ya meza, acheni kabisa. Waya uliokunjwa ukipitisha mzigo mkubwa unajipika wenyewe.

Nikabadilisha soketi. Nyekundu.

Neema alikuwa amenifuata, akaelekeza simu yake kwenye kioo cha gari, maandishi ya Kijapani yakageuka Kiswahili. Tukatafuta kama kuna saa imewekwa ya kuchaji usiku tu. Hakuna. Nikapima umeme unaoingia, uko sawa. Nikafungua kabati la breka, nikaulaza mfuniko wake sakafuni, upande wa ndani chini. Nikaona ule waya wa kijani na njano, waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini ili umeme ukivuja upite huko usipite kwa mtu. Upo, umekazwa vizuri. Nikaweka mita kati ya laivu, waya wenye umeme, na ethi. Volti mia mbili thelathini na kitu. Nikasema ethi safi.

Hapo ndipo nilipoanza kumsema fundi. "Mama, nani alifunga hizi waya? Angalia breka zilivyopinda. Huyu alikuwa anafanya huku anakula miwa." Ndipo nikasema la bata. Mama akacheka mpaka akashika mlango. Hata Mwalimu akatikisika.

"Nyumba tuliinunua imeshajengwa," Mama akasema. "Fundi simjui. Ila na shawa ya maji moto alituachia ya ajabu. Wajukuu wakija likizo wanasema inawatekenya."

Nikacheka na mimi. "Maji ya Iringa hayo, Mama. Hata mimi yananitekenya."

Kicheko hicho kikumbukeni.

Kabla sijaendelea, lazima niwatambulishe kwa Mzee Luvanda, maana bila yeye hamtaelewa. Alikuwa Mbena wa Igowole, mfupi, mpole, ana begi la ngozi la vifaa ambalo hata mke wake hakuruhusiwa kulisogeza. Alitufundisha kazi wawili, mimi na Sanga. Sanga ni Mkinga, na kama Wakinga wote alianza kuuza balbu kabla hajajua kuzifunga. Leo ana duka la vifaa vya umeme Mwanjelwa, kule kwetu Mbeya.

Nilimpa Mzee Luvanda vichekesho vingi. Kule Igowole nilifunga mota ya mashine ya kusaga, waya mbili nimebadilisha, mashine ikazunguka kinyumenyume mbele ya akina mama foleni nzima na madebe yao. Mmoja akauliza kama akimwaga unga atapata mahindi. Mzee hakunigombeza. Akaniambia, "Kaa, sikiliza mashine ikizunguka vibaya, siku nyingine utaijua kwa sikio." Nilikaa hapo mpaka saa sita, na mpaka leo naijua kwa sikio.

Kitu kimoja tu hakuwa na utani nacho. Kabla ya kuwasha nyumba mpya, anasimama mbele ya meni switch, ile swichi kuu ya nyumba, anauliza, "Ethi?" Hutakiwi kujibu ipo. Unatoka nje, unatembea mpaka iliko ile fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, unaishika kwa mkono, unamwita kutoka huko. Bila hiyo hawashi, hata mwenye nyumba awe mkuu wa nani. Na alitulazimisha kuandika jina nyuma ya mfuniko wa kabati la breka. Alikuwa anasema, "Ili siku nyumba ikisema, ijulikane inamsema nani."

Alipozeeka akasema begi lake atampa fundi ambaye hawashi mpaka ameuliza ethi. Akampa Sanga. Mimi nikanuna miaka mingi. Nilikuwa na spidi kuliko Sanga, mikono myepesi, wateja walinipenda kwa kuongea. Nikasema mzee amependelea.

Turudi Wilolesi. Alhamisi nikaamka na akili mpya: kijisanduku ndicho kibovu. Nikakifunga kwenye khanga, nikapanda basi kwenda Mbeya kwa Sanga akipime. Nikapita Mafinga, nikapita Makambako, nikala mahindi ya kuchoma Igawa, nikafika Mwanjelwa mchana umechoka. Sanga akakichomeka kwenye soketi ya dukani.

Kijani.

Akakiangalia. Akaniangalia. "Kizima hiki."

"Naona."

"Mwambene, huko Wilolesi yule mama hana jirani?"

"Anao. Tena wa ukuta kwa ukuta."

"Na jirani hana soketi?"

Nikaanza kuikunja ile khanga.

"Umebeba mgonjwa siku nzima kumleta kitanda cha Mbeya, na kitanda kingine kilikuwa ng'ambo ya ukuta," akasema, huku anamhudumia mteja wala hacheki, na hiyo ndiyo inauma zaidi. "Kisanduku kizima. Nyumba ndiyo inaumwa. Ethi umeitazama?"

"Nimepima. Volti zote zipo."

"Sikuuliza volti. Nimeuliza umeitazama?"

Nikamwambia asinifundishe kazi kisa ana begi. Nikanywa chai yake, nikalala kwangu, Ijumaa nikarudi Iringa. Vijana, hiyo ndiyo njia ya kupima chaja kwa gharama ya mgongo. Nyie mtaanza kwa jirani.

Ijumaa hiyo Mwalimu akakosa mazoezi tena. Nilimkuta barazani, kikombe kiko mezani, hakishiki. Mama akanikaribisha chai. Angenigombeza ningepumua.

Jumamosi nikafika saa nne asubuhi. Mama alikuwa amemaliza kufua, anaanika. Nikachomeka chaja, naomba huku nimefumba jicho moja. Ikalia *ta*, ikawasha kijani. Gari ikaanza kuvuta.

Mungu anisamehe, nilijisifu. Nikamwita Mama, nikamwambia ni ile soketi niliyobadilisha, wakati mwingine kifaa kinahitaji siku mbili tatu kuzoea. Kuzoea, jamani. Kama viatu.

Mama akaifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari. "Leo Jumamosi," akasema. "Jumamosi huwa inakubali."

Daftari lile lilikuwa limepigwa mistari kama chati ya wodini. Tarehe, saa, hali ya hewa, imekubali, imekataa. Tangu gari ifike mwezi wa pili. Alikuwa amenionyesha tangu Jumatano, nikamwambia, "Mama, gari haina homa." Naye akanijibu kwa upole, "Asiyeweza kusema, unamwandikia." Mimi nikaendelea na bisibisi yangu.

Sasa nikalisoma. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne: imekubali, imekubali, imekubali. Mvua. Wa tano mwishoni: imekataa mara moja, mara mbili. Wa sita, vumbi na baridi: imekataa, imekataa, Jumamosi imekubali, imekataa. Kila Jumamosi, kuanzia saa nne, mpaka Jumapili kidogo. Na betri yenyewe imechoka, umeme wa Jumamosi unaisha Jumatatu.

"Jumamosi unafanya nini, Mama?"

"Nafua."

"Maji ya kufulia unamwaga wapi?"

Akanionyesha kona ya nyumba, nyuma ya tanki. Udongo umelowa, povu bado linapasuka pasuka. Na katikati ya povu kimejitokeza kichwa cha fimbo ya shaba.

Nimefanya kazi hii tangu nikiwa na nywele. Nimepita kwa mainjinia wenye mita za kubebwa na watu wawili. Sijawahi kuona tatizo limetafutwa vizuri kama vile alivyolitafuta yule mama, kwa kalamu na mistari, bila kufungua screw hata moja. Jibu lilikuwa mkononi mwangu tangu Jumatano. Mimi ndiye niliyelifunika.

Nikazima meni. Nikafungua waya wa ethi. Nikachimba kwa sururu, niko tayari kuchimba mpaka kiunoni, maana fimbo ile inatakiwa kwenda chini kuzidi urefu wa kiuno changu. Mapigo matano, ikalegea. Nikaivuta kwa mkono mmoja, ikaja yote, fupi kama mwiko wa ugali. Chini yake jiwe.

Nikaitazama ncha. Haikuwa na ncha. Ilikatwa kwa msumeno wa chuma, mkato umelalia upande. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Kila chuma ninachokata kinalalia upande ule. Na nyumbani kwangu, banda la kuku linafungwa na komeo la shaba ambalo mkato wake umelalia upande ule ule.

Nikaingia ndani polepole. Mfuniko wa kabati la breka bado uko pale nilipoulaza. Nikaugeuza. Kwa kalamu ya rangi nyekundu, mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema: A. MWAMBENE. Na chini yake, Mungu wangu, nimepiga mstari kabisa: KAZI SAFI.

Yote yakarudi. Nyumba zilikuwa nne kwenye mstari, hazina geti wala rangi. Mzee Luvanda alipigiwa mbiu ya msiba, akaenda Igowole, Sanga akaenda naye, nikabaki kumalizia. Fimbo ikagonga jiwe nusu ya safari. Mzee alishatuambia: fimbo ikikutana na jiwe, ihamishe hatua mbili, ijaribu tena, ihamishe tena. Mimi nilikuwa na basi la kuwahi, kuna harusi Tukuyu. Nikaikata. Kichwa kikabaki juu, kinang'aa, nani atajua? Mzee aliporudi akauliza, "Ethi?" Nikatoka nje, nikaishika kwa mkono, nikamwita kutoka huko. Akaniamini. Akawasha.

Taa zikawaka. Redio zikaimba. Nyumba ikaishi miaka na ethi ya uongo, maana taa haiulizi, redio haiulizi, pasi haiulizi. Kijisanduku cha gari kinauliza: udongo ukilowa, fimbo fupi inaushika, kinakubali; ukikauka, kinakataa. Na mita yangu ya Jumatano nayo ilidanganyika, na hili mlishike kuliko yote: mita ya mkononi inasoma volti zote hata ethi ikiwa imeshika udongo kwa ukucha, kwa sababu yenyewe haivuti kitu. Zamani tulijaribu kwa balbu, kati ya laivu na ethi, ikififia unajua. Msifanye. Inaweza kumuua mtu anayeoga chumba cha pili. Kuna kipimo chenyewe cha ethi siku hizi, kiazimeni kama hamna.

Chumba cha pili. Anayeoga.

Shawa inawatekenya wajukuu.

Nilikaa chini sakafuni pale, vijana. Siyo maji ya Iringa. Ule ulikuwa umeme unavuja kwenye hita, unatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia niliikata mimi, ukawa unapita kwenye miguu ya watoto. Bado kidogo tu, siku moja hita inachakaa zaidi kidogo, na isingekuwa kutekenya.

Sasa niwaambie nilichofanya, na hiki sijakisimulia hata kanisani. Kichwani ikanijia kwamba naweza kusukuma fimbo mpya kimya kimya, niseme jiwe limesogea. Au hata kirahisi zaidi, nimwambie Mama amwage ndoo moja kila asubuhi pale konani. Nikalowesha kidole gumba kwa mate, nikaanza kufuta jina. Nikaanza na KAZI SAFI.

"Usi... fute."

Mwalimu. Mlango wa barazani ulikuwa wazi, na kiti chake kinatazama ndani. Ameona kila kitu.

"Usifute," akarudia. Akanyanyua ule mkono, unatetemeka, akachora hewani kitu kirefu. "Piga mstari. Andika... tena."

Miaka yote aliyofundisha darasa la tatu, watoto wanafuta makosa mpaka karatasi inatoboka, na yeye anawaambia hivyo hivyo. Kosa lionekane, na jibu lionekane. Mimi shule niliikimbia, ikanikuta sakafuni Wilolesi na kidole chekundu.

Nikatoka kwa Mama. Akiwa ameshika shuka lenye maji nikamwambia yote, bata, msumeno, harusi, shawa. Nilipomaliza akatundika shuka, akabana vibanio vyote viwili, taratibu. Nikajua linakuja.

"Nyumba ulifunga ngapi hapa?"

"Nne."

"Hii moja. Tatu bado," akasema. "Ile ya pili ina watoto wadogo. Uanzie hapo."

Basi. Ndiyo hukumu yote. Nilitegemea kulaaniwa, nikapewa zamu.

Mchana ule nikashusha fimbo nzima. Jiwe likakataa, nikahama hatua mbili, likakataa, nikahama tena kuelekea mteremkoni, huko ikaingia. Usiipige kama unaua nyoka. Mwaga maji kidogo, isukume, ivute, isukume, inajitafutia njia kati ya mawe. Nikapigilia ya pili mbali kidogo, nikaziunganisha. Hita ya shawa nikaing'oa siku hiyo hiyo, na kwenye kabati nikaweka breka ile yenye kitufe cha kujaribia, inayokata umeme ukivuja. Kisha kwa kalamu nyekundu ya Mwalimu, ya kusahihishia, nikapiga mstari juu ya KAZI SAFI. Chini nikaandika: NUSU ETHI. IMERUDIWA. A. MWAMBENE.

Jumapili mchana, baada ya ibada, Sanga akashuka na basi la Mbeya. Nilimpigia simu. Amebeba fimbo za shaba mgongoni kama anakwenda vitani, kipimo cha ethi kwapani, na lile begi la ngozi begani. Mama akampa chakula, Sanga akala bila haraka, kisha akaniuliza mbele ya watu, "Harusi yenyewe ilikuwa nzuri?"

"Bibi harusi alichelewa saa tatu," nikasema. "Ningekuwa nimemaliza fimbo na kurudi."

Tukabisha hodi nyumba ya pili. Msifikiri ni rahisi kusimama mlangoni kwa mtu usiyemjua ukamwambia, mimi ndiye niliyefunga umeme wako zamani na naomba kuchimba kona ya nyumba yako. Baba mmoja alidhani tunatafuta hazina ya Mjerumani, akachimba pamoja na sisi ili asipitwe. Ya pili ilikuwa nzima. Ya tatu nusu, mkato umelalia kushoto. Ya nne nzima, ilipigiliwa na Sanga kabla hajaondoka kwenda msibani. Sanga akapima mara mbili, akatabasamu mwenyewe. Angesema ningempiga na fimbo.

Jumatatu asubuhi tulikuwa bado tunafunga ile ya tatu. Lori halikuja. Mama alishawapigia watoto Dar. Siku ya kufua ilikuwa imepita, kona kavu kabisa, upepo unapeperusha vumbi. Tukasikia kutoka nyumba ya kwanza gari inasalimia Kijapani, na sauti ya Mwalimu, moja kwa moja, haikukwama: "Kamwene." Wakatoka getini bila mlio, Mama kwenye usukani, Mwalimu ameshika mpini wa juu ya dirisha kwa ule mkono.

Nikabaki nimesimama na nyundo. Nikamwambia Sanga ninachowaambia na nyie: nimewajua mafundi wengi, wakaguzi wengi, wenye tai na wasio na tai. Kazi yangu ile waliipita wote. Aliyeikataa ni kijisanduku kidogo kisichojua hata Kiswahili. Kabla hakijapitisha tone, kinauliza swali moja, lile lile la mzee, na ukikidanganya hakiwashi, hata ukibembeleza siku nne.

Sanga akapangusa koleo la mwisho, akalirudisha kwenye begi, akalifunga. Akalitazama geti walilotokea. Kisha akalivua begi begani, akanivisha mimi, mkanda ukaninyonga kidogo maana yeye ni mfupi.

"Kwa maneno ya mzee, begi hili ni la ile gari," akasema. "Ila haina mikono. Libebe wewe."